Kuuza ofisi na kuipanga tena: ya kujua Arua na Koboko

Mwenye ofisi na yadi ya malori Ediofe anaweza kuwa na mali nyingi na bado akakosa pesa ya dizeli. Njia moja ni kumuuzia mwekezaji jengo, na siku hiyohiyo kutia sahihi mkataba wa kulipanga kwa miaka kadhaa. Malori hayahami, kibao kinabaki mlangoni, ila mwenye nyumba ni mwingine.

Makampuni ya simu yametumia njia hii. Desemba 2011 MTN ilitangaza kuweka minara yake 1,000 hivi ya Uganda katika kampuni ya pamoja na American Tower ya Marekani, kwa thamani ya dola milioni 175, yenyewe ikabaki mpangaji mkuu. Mwaka 2014 Airtel ikakubaliana na Eaton Towers kuhusu minara zaidi ya 3,500 katika nchi sita za Afrika, kwa mkataba wa upangaji wa miaka 10.

Piga hesabu kabla. Tuseme umeuza kwa shilingi milioni 400 na pango ni milioni 4 kwa mwezi. Baada ya miezi 100 umerudisha pesa yote, na jengo si lako. Kama lori jipya la safari za Oraba au Vurra haliingizi zaidi ya pango hilo, afadhali mkopo wa benki, maana rehani ukiimaliza hati inarudi kwako.

Tatizo kubwa la West Nile ni hati. Ardhi nyingi ni ya kimila, haijasajiliwa, na mwekezaji makini haigusi. Mnunuzi kutoka Kongo au Sudan Kusini hawezi kumiliki ardhi moja kwa moja. Sheria ya ardhi ya 1998 inampa upangaji usiozidi miaka 99. Kama ni ardhi ya familia, mume au mke lazima akubali, la sivyo mauzo ni batili. Kwenye uhamisho kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1.5, na mwenye jengo aliyesajiliwa VAT ataongeza asilimia 18 juu ya pango la ofisi.

Angalizo: wapo wakopeshaji wanaomtaka mkopaji atie sahihi karatasi ya mauzo ya kiwanja badala ya rehani. Hiyo si biashara tunayoieleza hapa. Ukichelewa kulipa, karatasi inasema uliuza. Mkataba wa kweli unataja muda wa upangaji, pango litapanda lini na kwa kiasi gani, nani anatengeneza paa, na kama una haki ya kununua tena. Upangaji wa zaidi ya miaka mitatu usajiliwe kwenye hati, ili mnunuzi akiuza kwa mwingine usitolewe nje na malori yako.