Shule Kandokando ya Lami

Mwanafunzi anapogongwa na gari Ilula, Mafinga, Makambako au mji mwingine mdogo kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, watu huuliza alikuwa anavukaje. Aliangalia kulia na kushoto? Alikimbia? Mara chache huulizwa kwa nini mtoto wa darasa la pili analazimika kuvuka barabara ya kimataifa ili akajifunze kusoma. Swali hilo la pili lina jibu, nalo limo katika historia ya miaka sitini hivi iliyopita. Shule nyingi za kando ya lami ziliwekwa pale kwa makusudi, na watu wenye nia njema, katika muongo uleule ambao barabara yenyewe ilikuwa inatengenezwa kwa ajili ya malori. Hatari anayokutana nayo mtoto imetokana na mipango miwili iliyokutana mahali pamoja bila mmoja kuuliza habari za mwenzake.

Kabla ya hapo shule zilikuwa chache, na nyingi zilifuata misheni au makao ya watawala wa wenyeji. Katika miaka ya 1950 mtoto aliyebahatika alisoma darasa la kwanza hadi la nne karibu na kwao, kisha wachache waliochaguliwa wakaenda shule ya kati, ambayo mara nyingi ilikuwa ya bweni. Safari ya asubuhi ilipita kwenye vijia vya mashambani na vivuko vya mito. Tusiipambe mno enzi hiyo, maana watoto wengi hawakutembea kwenda shule kwa sababu hapakuwa na shule ya kwenda. Lakini aliyetembea hakupishana na lori la tani thelathini.

Barabara ilibadilika kwa sababu za mbali na vijiji hivyo. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, iliyokuwa ikitegemea njia za kusini kwa mafuta yake na kwa shaba yake, ikalazimika kugeukia bandari ya Dar es Salaam. Malori yalipita usiku na mchana kwenye barabara ya vumbi na matope, ajali zikawa nyingi hata njia ile ikapewa jina la jehanamu. Lami ilifuata, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 lori liliweza kutoka pwani hadi mpakani bila kukwama. Reli ya TAZARA ilijengwa sambamba nayo kati ya 1970 na 1975. Barabara ile ilipimwa kwa kipimo kimoja: mzigo ufike Zambia.

Wakati huohuo serikali ilikuwa inahamisha watu. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na mwisho wa utekelezaji ukawekwa 1976. Mamilioni walihama, wengine kwa hiari na wengine kwa kupakiwa kwenye magari huku nyumba zao zikibomolewa. Viongozi wengi wa mikoa na wilaya walichagua kando ya barabara, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Pembejeo, chakula cha msaada, dawa na maofisa vyote vilikuja kwa gari. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 1974, Azimio la Musoma likaagiza kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo 1977. Wanakijiji wakafyatua matofali, wakajenga madarasa kwa kujitolea, na wakayajenga pale walipowekwa. Ndiyo maana katika vijiji vingi vya zama hizo shule, zahanati na ofisi ya kijiji vinatazamana na barabara kama maduka ya sokoni.

Kwa miaka kama kumi na mitano kosa hilo halikuonekana, kwa kuwa magari yalikuwa machache. Baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, petroli ilikuwa haba kiasi kwamba magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili mchana. Lami nayo ilichakaa. Katika miaka ya 1980 mashimo ndiyo yaliyokuwa matuta, na dereva alipunguza mwendo akiogopa kuvunja springi. Kisha biashara ikafunguliwa, magari yaliyotumika yakaanza kumiminika kutoka Japani, barabara kuu zikakarabatiwa, na mizigo ya Zambia na Kongo ikaongezeka. Vijiji vya kandokando vikakua vikawa miji, kwa maana mji unakwenda kwenye biashara, na biashara ilikuwa barabarani. Matengenezo yaliondoa mashimo na mara nyingi hayakuweka chochote badala yake. Kwa mtembea kwa miguu, barabara nzuri ilikuwa mbaya kuliko ile mbovu.

Idadi ya wanafunzi nayo ikapanda. Ada ya shule za msingi ilipoondolewa na mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, MMEM, ukaanza mwaka 2002, madarasa yalifurika. Zikaja shule za sekondari za kata, ambazo zilifanya jumla ya sekondari nchini izidi maradufu kati ya 2005 na 2010. Mafanikio hayo ni makubwa, lakini yalirefusha safari. Shule ya msingi ilikuwa ya kijiji, ya sekondari ni ya kata nzima, na kata ya mashambani inaweza kuwa na vijiji vitano vilivyosambaa. Mtoto wa kidato cha kwanza hutoka alfajiri, giza bado halijatoweka, awahi namba. Wengine hupanga vyumba karibu na shule, na wazazi wa wasichana wanajua gharama yake. Wengine hupata lifti ya bodaboda, ambayo nayo ina gharama zake.

Baiskeli ingepaswa kuwa jibu. Nchi iliwahi hata kuwa na kiwanda chake cha baiskeli za Swala, na kwenye tambarare za Shinyanga na Tabora watu wamezizoea kwa mzigo na abiria. Lakini nyumbani baiskeli kwa kawaida ni chombo cha baba, cha maji, mkaa na mahindi, na mtoto huipata ikibaki. Akiipata, hukuta ukingo wa lami umemomonyoka. Basi likipiga honi nyuma yake, achague mtaro au gurudumu. Kugawa baiskeli bila kujenga njia pembeni ni kumwongezea mtoto mwendo bila kumwongezea nafasi.

Wapo wanaosema dawa ni elimu: wafundishwe watoto kuvuka. Wafundishwe, ndiyo. Ila mafunzo hayo yana kikomo chake, kwa kuwa mtoto wa miaka saba hana bado uwezo wa mtu mzima wa kukadiria mwendo wa gari linalokuja. Mwili unaogongwa kwa kilomita 30 kwa saa mara nyingi hupona. Kwa mwendo wa barabara kuu hauponi, hata ukiwa wa mwanafunzi aliyepata mia kwa mia katika somo la alama za barabarani. Dar es Salaam ilitoa ushahidi mzuri. Shirika la Amend, kwa mpango uitwao SARSAI, lilikagua mazingira ya shule moja moja, likaweka matuta, vivuko, njia za miguu na vizuizi, na pengine likahamisha geti kutoka upande wa barabara kubwa kwenda upande wa mtaa. Tathmini ilionyesha majeruhi wakipungua kwa takribani robo, na mwaka 2019 mpango huo ukapata tuzo ya WRI ya miji. Kuhamisha geti ni kazi ya fundi mwashi wa siku chache. Inashangaza kwamba miji midogo haijaiiga zaidi.

Hoja nzito zaidi ni ya uchumi: barabara kuu ni mshipa wa biashara, kila tuta ni dakika na dizeli, na lori lenye mzigo likisimama na kuondoka upya linaharibika. Hoja hii ina ukweli, na matuta yaliyowekwa ovyo bila alama yamesababisha ajali pia. Lakini Mikumi inaijibu vizuri. Barabara hiyohiyo ya Tunduma inakata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50, na humo mwendo umewekewa kikomo, kuna matuta, na vibao vinaorodhesha faini ya kila aina ya mnyama atakayegongwa. Zambia bado inapata mizigo yake. Kama twiga anaweza kulipunguzia mwendo lori linalokwenda Lusaka, mita mia tano mbele ya shule ya Makambako si jambo la kuishinda nchi.

Kinachokwamisha ni mgawanyo wa mali. Shule ni ya halmashauri, chini ya TAMISEMI; barabara kuu ni ya TANROADS. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, na nyumba zikapigwa alama ya X. Eneo hilo lingetosha njia ya miguu na ya baiskeli, lakini limelindwa hasa kwa upanuzi wa barabara. Mwalimu mkuu anayetaka kivuko huandika barua kwa ofisi ambayo haina sehemu ya kuhesabu wanafunzi.

Katika miaka ya karibuni sekondari mpya zimekuwa zikijengwa kupitia SEQUIP, mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, lengo mojawapo likiwa kufupisha safari, hasa za wasichana. Ni nafasi ya kuuliza swali ambalo halikuulizwa 1974. Kata iliyokatwa katikati na barabara kuu ina pande mbili. Kamati inapochagua kiwanja, umbali hupimwa kwa kilomita, na kiwanja cha kando ya lami hushinda kwa sababu lori la saruji linafika kwa urahisi. Ipimwe pia idadi ya watoto watakaovuka kila siku kwa miaka minne, na gharama ya kivuko chao iingizwe kwenye bajeti ileile ya matofali.