Taa za Udongo zenye Nakshi kama Ushahidi wa Maisha ya Kila Siku katika Dola ya Roma

Taa ya udongo ya mafuta ni miongoni mwa vifaa vinavyopatikana kwa wingi katika maeneo ya kiakiolojia ya Dola ya Roma. Kwa sababu hiyo, imetumika kama ushahidi wa biashara, imani na mapendeleo ya watu wa kawaida. Insha hii inadai kwamba ushahidi huo hupotosha iwapo namna taa zilivyotengenezwa haitazingatiwa kwanza.

Kufikia enzi ya Augustus, taa nyingi nchini Italia zilitengenezwa kwa kalibu ya vipande viwili. Mfinyanzi alikandamiza udongo ndani ya kila kipande, akaunganisha nusu hizo, akatoboa matundu ya mafuta na utambi, kisha akaichoma taa tanurini. Nakshi zilikaa juu, kwenye kisahani chenye tundu la mafuta: miungu, wapiganaji wa uwanjani, wanyama na wapenzi. Baadhi zilimwonyesha Victoria, mungu wa kike wa ushindi, akiwa na ngao yenye salamu za mwaka mpya.

Njia hiyo ilirahisisha kunakili. Aliyekuwa na taa moja aliweza kutengeneza kalibu kutokana nayo, pamoja na nakshi na jina la karakana. Kwa kuwa udongo husinyaa ukikauka na kuchomwa, nakala ilikuwa ndogo kuliko taa ya awali, na nakshi zake zilififia. Jina FORTIS ni mfano bora. Karakana yake inahusishwa na Mutina, yaani Modena ya leo, lakini taa zenye jina hilo zilitengenezwa pia katika majimbo mengi ya dola. Jina peke yake, basi, halithibitishi kwamba taa ilisafirishwa kutoka Italia.

Tahadhari hiyo inahusu picha pia. Taa yenye sura ya Jupiter haithibitishi ibada ya mwenye nyumba. Inaonyesha tu kwamba picha hiyo ilikuwa na soko. Masizi mdomoni mwa taa huonyesha kuwa iliwashwa, na mahali ilipopatikana, iwe jikoni, hekaluni au kaburini, hudokeza matumizi yake ya mwisho. Ni pale jina, kipimo, masizi na mahali vinaposomwa kwa pamoja ndipo taa inapoweza kueleza maisha ya wale ambao maandishi ya Kirumi hayakuwataja.