Siku 84 za uzazi na kibarua wa Nyamongo

Mwalimu wa shule ya Ringwani, wilayani Serengeti, akijifungua leo anapata siku 84 za likizo yenye mshahara. Akipata mapacha, zinafika 100. Hakuna anayemdai cheti cha ndoa. Ilichukua miaka mingi kufika hapo.

Siku 84 ni wiki 12, na wiki hizo zilikubaliwa Washington mwaka 1919, Shirika la Kazi Duniani lilipofanya mkutano wake wa kwanza: sita kabla ya kujifungua, sita baada yake. Mkataba huo ulimkataza pia mwajiri kumfukuza mama aliye likizoni. Uingereza, iliyokuwa ikiichukua Tanganyika kutoka mikononi mwa Wajerumani, haikuuridhia.

Hata baada ya uhuru, likizo ya uzazi yenye malipo ilikuwa ya mke wa ndoa. Karani au muuguzi asiye na mume alijifungua kwa gharama yake. Umoja wa Wanawake wa Tanzania, UWT, ulilipigania jambo hilo, na mwaka 1975 sheria ya ajira ikarekebishwa: kila mwanamke mfanyakazi, awe ameolewa au hajaolewa, apate siku 84 mara moja katika miaka mitatu. Kwangu mimi hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote zilizofuata, na huku Mara uzito wake unaonekana wazi. Wakurya wana nyumba ntobhu, ambamo mwanamke huoa mwanamke mwenzake ili nyumba ipate watoto. Mama wa nyumba hiyo hana mume wa kumwandika kwenye fomu. Sheria ya kudai cheti ingemwacha nje yeye na mwanawe.

Kumpa mama likizo, hata hivyo, hakukuzuia ubaguzi: mwajiri angeweza kumkwepa mjamzito tangu mlangoni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iliutaja ujauzito kwa jina katika kifungu cha 7, miongoni mwa mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kumbagulia mtu, na kifungu cha 37 kikasema mimba si sababu halali ya kumwachisha kazi. Mama anayenyonyesha akapewa hadi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi. Mtoto akifariki kabla ya kutimiza mwaka, mama anastahili siku 84 nyingine hata kama miaka mitatu haijaisha. Marekebisho ya 2025 yakamkumbuka mama wa mtoto njiti: likizo yake huongezwa kufidia wiki zilizopungua kufika 40.

Lakini sheria hiyohiyo humnyima likizo ya malipo mwenye utumishi usiofika miezi sita, isipokuwa baadhi ya wafanyakazi wa msimu. Hapo ndipo wanawake wengi wa Serengeti na Tarime wanapoachwa. Nyamongo, nje ya uzio wa mgodi wa North Mara, wapo wanaoponda mawe na kuchenjua dhahabu kwenye mialo, wakilipwa kwa siku. Zebaki inayotumika kukamata dhahabu hupita kwenye kondo la nyuma na kudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Sheria inakataza kumpa mjamzito kazi ya hatari, ila mwenye mwalo atasema hajamwajiri mtu, kila mmoja amekuja mwenyewe. Kumwacha kibarua huyu nje ya sheria ni dhuluma, na Bunge lina uwezo wa kuiondoa.

Aliye na ajira ya sekta binafsi asisubiri huruma. Ampe mwajiri taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari, na abaki na nakala. Akiachishwa kazi kwa sababu ya mimba, apeleke shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ambayo kwa mkoa wa Mara ina ofisi Musoma. Muda wa kufungua shauri ni siku 30 tangu alipoachishwa.