Namba ya Kuazima: Historia ya Kukadiria Nishati ya Mchezaji wa Mpira wa Kikapu, Moshi

Mpira wa kikapu ulibuniwa na James Naismith mwaka 1891 huko Springfield, Massachusetts. Katika muongo huohuo, katika jimbo jirani la Connecticut, W. O. Atwater na wenzake walijenga chumba kilichofungwa, wakamkalisha mtu ndani yake na kupima joto alilotoa pamoja na hewa aliyovuta. Mchezo na kipimo vilizaliwa karibu karibu, lakini vilifika Afrika Mashariki kwa njia tofauti. Mchezo uliingia kupitia viwanja vya shule, na leo ni miongoni mwa michezo ya UMISSETA. Kipimo kiliingia kupitia sahani ya chakula. Orr na Gilks, katika taarifa yao ya mwaka 1931 kuhusu Wamasai na Wakikuyu wa Kenya, walichunguza mlo na afya ya mwili. Nishati inayotumika katika kazi au mchezo haikuwa kiini cha uchunguzi wao. Mwili wa Mwafrika ulipimwa kwa kile ulichokula kabla ya kupimwa kwa kile ulichofanya.

Pengo hilo lilizibwa kwa majedwali ya kigeni. Jedwali la shughuli za mwili lililochapishwa na Ainsworth na wenzake mwaka 1993, na kurekebishwa mwaka 2000 na 2011, hutumia kizio cha MET, yaani nishati ya mtu aliyetulia. Mechi ya kikapu hupewa MET 8, na kurusha mpira kikapuni bila mechi MET 4.5. Kwa kuwa MET moja hukadiriwa kuwa kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito kwa saa, kijana wa Moshi mwenye kilo 60 huhesabiwa kutumia kilokalori 480 kwa saa ya mechi.

Msingi wa hesabu hiyo ni mwembamba kuliko unavyoonekana. Kizio cha mililita 3.5 za oksijeni kwa kila kilo kwa dakika kilitokana na mtu mmoja, mwanamume wa miaka 40 mwenye kilo 70. Byrne na wenzake walipopima watu wapatao 770 mwaka 2005, walipata wastani wa mililita 2.6. Hivyo sehemu ya utulivu ilikuwa imekadiriwa kupita kiasi kwa takriban asilimia 35. Mwanamume huyo mmoja amesimamia hesabu za dunia nzima kwa muda mrefu mno.

Tanzania ilitoa changamoto nyingine, si Kilimanjaro bali Ziwa Eyasi. Mwaka 2012 Pontzer na wenzake waliwapima Wahadza watu wazima 30 kwa maji yenye isotopu nzito, njia inayoonyesha jumla ya nishati kwa siku kadhaa za maisha ya kawaida. Wahadza hutembea sana. Hata hivyo, baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, jumla yao haikuzidi ya wakazi wa Marekani na Ulaya. Matokeo haya hayamaanishi kwamba mechi haina gharama. Yanatilia shaka desturi ya kuongeza tu gharama yake juu ya jumla ya siku, kana kwamba mwili haupunguzi matumizi kwingineko.

Makadirio ya saa za mkononi yana tatizo lake mlimani. Saa hizo hutegemea mapigo ya moyo, na mapigo hayo hupanda kwa joto la mji wa Moshi, na pia kwa uhaba wa oksijeni kadiri mtu anavyopanda kupita Mandara hadi Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, hata kama kazi yenyewe haijaongezeka.

Kosa lililo kubwa zaidi, hata hivyo, ni la kuhesabu watu. Mechi ya kimataifa ni dakika 40, na watano tu wa kila timu huwa uwanjani. Jumla ni dakika 200 za mchezo, yaani kilokalori 1,600 hivi kwa vijana wa kilo 60. Anayewapa wachezaji wote 12 saa nzima hupata 5,760. Kwa mpishi wa bweni, tofauti hiyo ni zaidi kidogo ya kilo moja ya unga wa mahindi kwa kila mechi.