Kiseyeye na Kupimwa kwa Damu

Wazee wetu walisema ya kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Mkulima mwenye akili hangoji mvua inyeshe ndipo aanue mtama wake uani. Aonapo wingu jeusi huanua mapema. Leo nataka kuwaeleza habari za ugonjwa mmoja wa zamani, nao ni kiseyeye, na jinsi wataalamu walivyotafuta wingu lake, yaani dalili itokeayo kabla ya ugonjwa wenyewe, hata wakaiona ndani ya damu.

Mtu mwenye kiseyeye huchoka kila siku. Fizi zake huvimba na kutoka damu, meno hulegea, madoa ya damu hutokea miguuni, na jeraha lake halifungi. Asipotibiwa hufa. Ugonjwa huu hauambukizi, wala si wa kurogwa. Huja kwa kukosa kitu kidogo kilichomo katika matunda na mboga, nacho huitwa vitamini C. Wanyama wengi hujifanyizia kitu hiki miilini mwao, lakini mwanadamu hawezi. Hana budi kukipata katika chakula.

Pwani yetu ya Afrika Mashariki ina sehemu yake katika habari hizi. Mwezi wa Aprili mwaka 1498 Vasco da Gama, nahodha wa Wareno, alitia nanga Mombasa, na baadhi ya mabaharia wake walikuwa wagonjwa. Mfalme wa Mombasa akawapelekea machungwa, malimau na miwa. Wagonjwa wakapona, nao Wareno wakadhani ya kuwa wameponywa na hewa njema ya mahali pale! Waliporudi kutoka Bara Hindi walikaa baharini muda wa miezi mitatu hivi, na watu 30 wakafa. Walipofika Malindi, Januari 1499, kila chombo kilikuwa na watu saba au wanane tu wenye nguvu ya kufanya kazi. Safari hiyo wagonjwa wenyewe walitamani sana machungwa, na nahodha akatuma mtu kwenda kuyatafuta.

Miaka mingi ikapita. Mwaka 1747 daktari wa meli za Kiingereza, jina lake James Lind, aliwatwaa mabaharia 12 wenye kiseyeye akawagawanya wawili wawili, kila jozi akaipa dawa yake. Wawili walipewa machungwa mawili na limau moja kila siku. Hao walipona upesi kuliko wenzao wote, na mmoja wao akafaa kurudi kazini baada ya siku sita. Basi tunda lilijulikana, bali kitu kilichomo ndani ya tunda hakikujulikana. Mwaka 1928 Albert Szent-Györgyi, mtaalamu wa Hungaria, alifaulu kukitenga, na mwaka 1932 ikathibitika ya kuwa ndicho vitamini C.

Kitu kikiisha kujulikana, chaweza kupimwa. Iko rangi ya buluu ambayo ikitiwa katika maji yenye asidi hugeuka kuwa nyekundu hafifu, tena ikikutana na vitamini C hupotea kabisa. Wapimaji walitwaa damu ya mtu wakaizungusha kwa mashine yendayo mbio, hata chembe zikashuka chini na maji ya damu yakabaki juu, meupe yenye umanjano. Maji hayo wakayasafisha kwa asidi, kisha wakatia ile rangi tone kwa tone. Tone la kwanza lapotea, la pili lapotea, na kadhalika, hata litokee tone lisilopotea. Hapo vitamini yote imekwisha kutumika, na hesabu ya rangi iliyotiwa yaonyesha kiasi cha vitamini kilichokuwamo.

Sasa likatokea swali. Kipimo kikisema ya kuwa vitamini imepungua katika damu, je, mtu huyo ni mgonjwa? Kijana mmoja mpasuaji wa Boston, huko Marekani, jina lake John Crandon, aliamua kujijaribu mwenyewe. Kuanzia mwaka 1939 hakula matunda wala mboga, wala hakunywa maziwa, kwa muda wa miezi sita. Vitamini nyingine alizipata kwa dawa. C peke yake ndiyo aliyojinyima.

Baada ya siku 41 maji ya damu yake hayakuwa na vitamini C hata kidogo. Walakini hakuwa na dalili ya kiseyeye. Wenzake wakapima pia chembe nyeupe za damu, nazo zilikuwa zingali na akiba. Akiba hiyo ikaisha siku ya 82. Mwezi wa tatu alipasuliwa kidogo kwa kusudi, na jeraha likafunga vizuri. Siku ya 161 madoa madogo ya damu yakatokea miguuni. Mwezi wa sita akapasuliwa tena. Baada ya siku kumi madaktari wakatazama ndani ya jeraha, wakakuta ngozi imefunga juu lakini nyama ya chini haijaungana. Ndipo akapewa vitamini C, na jeraha likapona.

Tazameni basi, ndugu zangu. Wingu lilitokea siku ya 41, na mvua ikanyesha baada ya siku 160. Maji ya damu ni kama fedha iliyo mfukoni: yaonyesha kile mtu alichopata siku za karibuni. Chembe nyeupe ni kama fedha iliyowekwa sandukuni: zaonyesha akiba. Mfuko ukiwa mtupu si lazima mtu awe amekwisha kufilisika, lakini yampasa ajihadhari.

Jaribio jingine lilifanywa Sheffield, Uingereza, tangu 1944 mpaka 1946, chini ya Hans Krebs. Watu 20 walijitolea, wengi wao wakiwa wamekataa kwenda vitani kwa ajili ya dhamiri zao. Kumi hawakupewa vitamini C. Watatu walipewa miligramu 70 kila siku. Saba walipewa miligramu 10 tu. Wale kumi wakapata dalili za kiseyeye baada ya miezi sita hadi minane. Wale saba hawakuugua, ingawa vitamini katika damu yao ilikuwa haba sana. Kumbe, si kila wingu huleta mvua.

Kwa sababu hiyo daktari mwema hahukumu kwa hesabu ya damu peke yake. Humwuliza mgonjwa anakula nini, hutazama fizi na ngozi yake, kisha huliweka neno la damu pamoja na hayo. Tena hukumbuka ya kuwa vitamini C huharibika upesi. Damu ikikaa bila kutunzwa katika baridi, kipimo chaweza kumshuhudia uongo mtu mzima kuwa amepungukiwa. Mashine za siku hizi ni bora kuliko ile rangi ya zamani, walakini onyo hili halijabadilika.

Nasi tusio na mashine nyumbani tuna la kufanya. Mapera yana vitamini C nyingi kupita machungwa, na maembe na majani mabichi ya mboga yanayo pia. Mboga zisipikwe kwa muda mrefu, wala maji yake yasimwagwe, kwa maana moto huiharibu vitamini na maji huichukua. Watoto na wale mapera chini ya mti; mtu asiwakataze. Aliye na mpera uani kwake anayo akiba, naye hana haja ya kungoja kipimo cha damu ndipo aanze kula matunda yake.