Kicheko cha Kashasha, 1962

Sisi tukaao Kirumba twalitazama ziwa kila siku, na ng'ambo yake, upande wa magharibi, iko nchi ya Bukoba. Huko Kashasha, katika shule ya bweni ya wasichana iliyokuwa ya misheni, lilitukia jambo ambalo yawapasa walimu na wazazi kulijua.

Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya Tanganyika kupata uhuru, wasichana watatu walianza kucheka wasiweze kujizuia. Wenzao wakafuata, hata shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, 95 kati ya wanafunzi 159 walikuwa wamepatwa. Walicheka, wakalia, wakakimbia huku na huku. Wengine kwa saa chache, wengine kwa siku nyingi. Shule ikafunguliwa Mei, jambo likarudi, ikafungwa tena Juni. Nako Nshamba, kwao baadhi ya wasichana hao, watu 217 walipatwa, wengi wao vijana.

Madaktari walipima damu, wakachunguza chakula, wasione sumu wala ugonjwa wa mwili. Hakuna aliyekufa. Wala katika walimu wa Kashasha hakupatwa hata mmoja. Wataalamu wengi waliolichunguza baadaye wamesema kwamba chanzo kilikuwa taabu ya moyo: vijana waliobanwa na masharti ya bweni na matumaini ya wazazi, wasio na njia ya kunung'unika.

Basi, tusidhani kwamba kila achekaye ana furaha, wala kila anyamazaye ana adabu. Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Wale wa Kashasha walionekana kwa kuwa walikuwa wengi. Mmoja peke yake haonekani. Katika madarasa yetu yumo aliyekuwa mwepesi wa kujibu, na sasa asinzia; yumo aumwaye tumbo kila siku ya mtihani; yumo agombanaye bila sababu. Twawaita wavivu na watundu, twashika fimbo.

Kabla ya fimbo, na kabla ya kukimbilia mganga, na tumwite kando kwa upole, tumwulize: mwanangu, una nini? Tena tungoje, maana jibu la kweli halitoki siku ya kwanza. Nanyi wazazi, mwalimu akiwaita, mwambieni yaliyotukia nyumbani: msiba, ugomvi, au baba aliyekwenda visiwani kuvua asirudi. Asiyeambiwa hayo atamwadhibu mgonjwa akidhani anamfundisha mkaidi.