Mizinga ya Manowari na Mto wa Kilombero

Maji ya Kilombero yapitayo Ifakara, yakiisha kukutana na ya Luwegu na kuitwa Rufiji, humwagika baharini kupitia vijito vilivyozibwa na mikoko, na huko ndiko manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilikojificha kwa uhaba wa makaa na ubovu wa mitambo, hata ikaangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikaundiwa magurudumu katika karakana ya reli ya Dar es Salaam. Baadhi ikalinda pwani, mingine ikapelekwa Kahe, Kondoa na Mwanza, na mmoja ukafungwa juu ya meli Götzen katika Ziwa Tanganyika. Mmoja ungali Ngomeni Mombasa, kando ya mzinga wa Pegasus, mahasimu wawili wakiwa majirani.

Lakini silaha iliyoundwa ikae sitahani, ikachukuliwe na mvuke, haikuumbiwa kutembea, na kwa rai yangu Wajerumani waliinunua sifa ya mizinga ile kwa thamani ghali mno, kwani kombora moja tu lilikaribia ratili 40, na penye tope au mwinuko wapagazi kwa mamia waliukokota mzinga kwa kamba.

Watu wa Kilombero walikwisha kuijua adha ya silaha za Kizungu, maana tarehe 30 Agosti 1905 Wambunga na Wapogoro, wakiitegemea dawa ya maji, waliliendea boma la Mahenge kwa wingi, wakafyekwa na bombomu mbili. Vita Kuu ilipowafikia, kamanda wa Kijerumani Kraut akiwa amerudi nyuma kutoka Iringa mwaka 1916, ngome ya bonde haikuwa mzinga wowote, bali mto wenyewe, ambao masika huufunika uwanda mzima, na ambao wakati ule haukuvukika ila kwa mitumbwi ya Wandamba, mabingwa wa maji yale. Nyuma ya ngome hiyo askari walikula mpunga wa wenyeji hata ghala zikakauka.

Wabelgiji wa Kongo walipoingia Mahenge tarehe 9 Oktoba 1917, kamanda wa Kijerumani Tafel alikwisha kushika njia ya kusini kumtafuta mkuu wake, Lettow-Vorbeck. Hakumpata, na tarehe 28 Novemba, huko upande wa Ruvuma, jeshi lake likiwa limeshikwa na njaa, akasalimu amri.